Neno Kata ni la Bledi

Xaveria hapendi kuchekewa akiwa kazini, na watu wa Babati walichukua muda kulielewa hilo. Mwanzoni, alipoanza kuonekana nyuma ya mashine ya kukatia zege, wapita njia walisimama kumkodolea macho utadhani gari limezama kwenye tope. Mwanamke mfupi, gambuti mpaka magotini, miwani mikubwa, barakoa imefunika pua na mdomo, vifuniko vya masikio vimekaa juu ya kitambaa cha kichwa. Wengine walisema anafanana na mpulizia dawa ya mbu aliyepotea njia. Yeye aliwahamisha tu.

"Mama, sogea hapo. Na wewe kaka, usisimame usawa wa bledi. Mbele hapana, nyuma hapana. Kaa ubavuni, tena mbali."

Mtu asiposogea, mashine haiwaki. Xaveria anaweka mikono kiunoni na kusubiri, na katika kusubiri hana mpinzani mjini hapa. Mwisho wake mwenye kiburi anaona aibu mwenyewe, anaondoka akijifanya ana safari.

Kwa asiyeijua, mashine yenyewe ni injini ya petroli iliyokaa juu ya magurudumu manne madogo, ina mikono miwili nyuma ya kushikia, na ubavuni ina bledi ya duara yenye meno ya almasi, nusu imefichwa chini ya kava la chuma. Fundi anatembea nyuma yake polepole, nayo inachana sakafu kwa mstari mnyoofu. Kazi yake kubwa ni sakafu mpya. Zege likianza kukauka linasinyaa, na lisipokatiwa mistari mapema linajipasua lenyewe popote linapotaka, na mwenye sakafu anabaki na nyufa zinazokwenda kama njia za mbuzi.

Mashine hiyo ilikuwa ya mume wake, Alois. Walishuka pamoja kutoka milima ya Mbulu wakiwa vijana, wakajenga Nangara, hapa hapa Babati, na Alois akapata jina kwa kukata zege. Alikuwa mkali wa mstari. Alipiga uzi wa chaki sakafuni, na bledi yake haikuuacha ule uzi hata kwa upana wa kucha. Lakini alikuwa na ugomvi na maji. Mashine ina mpira unaomwagia bledi maji pande zote mbili ili isipate moto na vumbi lisiruke, na yale maji yakichanganyika na unga wa zege yanakuwa uji wa kijivu. Uji ule ulifunika chaki yake, naye Alois hakuvumilia mtu wala kitu kuficha mstari wake.

Miaka ile Xaveria ndiye aliyekuwa akishika koki. Walikuwa wakianza na maji vizuri, kisha uji unatambaa juu ya chaki, na Alois anapaza sauti, "Kata maji!" Xaveria anafunga koki. Vumbi jeupe linainuka mpaka mume wake anaonekana miguu tu. Jioni Xaveria alikuwa akikung'uta shati la mumewe uani na kumtania kwamba ameolewa na gunia la unga, nao walicheka sana, maana hakuna aliyewaambia kuwa si jambo la kuchekesha.

Kifua kilianza kama mzaha. Kikohozi cha asubuhi, kisha cha kutwa, kisha Alois akawa hawezi kupanda kamwinuko kadogo ka kwao bila kusimama njiani na kujifanya anasalimia watu. Hospitalini daktari alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamweleza kwamba vumbi la mawe likishaingia mle halitoki, na dawa ya kulitoa hakuna. Alois aliikunja ile picha kwa heshima kubwa, akarudi nyumbani akasema ni baridi. Baridi ya Mbulu, alisema, aliyoipata utotoni akichunga ng'ombe alfajiri. Ukimtajia vumbi anageuza mazungumzo, na ukizidi anageuza kiti. Xaveria alielewa. Mtu akikubali kuwa ni vumbi, amekubali pia kwamba alijimwagia mwenyewe, kwa mdomo wake, kila siku ya kazi. Hilo ni gumu kulimeza hata kwa mwenye kifua kizima.

Alois akabaki nyumbani na bustani ya miche ya parachichi, na Xaveria akaichukua mashine.

Aliichukua na sheria zake. Hakati bila maji. Hawashi kabla hajapapasa kila nati ya bledi na kuangalia kwamba mshale wake unaelekea inakozunguka. Chini ya sakafu akiambiwa pamepita waya wa umeme, haanzi mpaka aonyeshwe ulikopita. Na iko sheria moja ambayo mafundi wengine huitania mpaka leo, ya neno "kata." Ilitokana na kazi zake za mwanzo, alipomwambia msaidizi wake, mtu mzima mwenye akili zake, "Leo tunakata maji," akimaanisha wanakata kwa maji, si kavu. Msaidizi akasikia kile ambacho Mswahili yeyote angesikia. Bledi ilipozama tu, akafunga koki kwa utii wote. Bledi ikapata moto, ikang'oka jino moja, likaruka mbele na kutoboa ndoo iliyokuwa imesimama pale ambapo mtu angeweza kusimama. Xaveria aliitazama ndoo ile kwa muda mrefu. Tangu siku hiyo, kwenye kazi yake, neno kata ni la bledi peke yake. Maji yanafunguliwa na kufungwa. Ukimwambia "kata maji" anakutazama kama mtu aliyetukana.

"Siku hizi hukati zege," Alois alimwambia siku moja barazani. "Unaliogesha. Nunua na sabuni."

Ndivyo walivyoishi, yeye na mashine yake, mume na miche yake, na lile neno vumbi limekaa katikati yao kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Mpaka ilipokuja sakafu ya mzee Bushiri.

Bushiri ni mfanyabiashara wa mbaazi. Alikuwa amemwaga sakafu mpya ya ghala lake pale Bagara, na asubuhi iliyofuata Xaveria alishushwa hapo na guta la Hamdani, ile pikipiki ya magurudumu matatu inayobeba mizigo. Alifungua milango yote ya ghala ili moshi wa injini upate pa kutokea. Kisha akapiga goti, akakwaruza zege kwa msumari. Lilikuwa limefika kiwango cha kukatwa. Mawe hayakung'oka, kingo zingetoka safi. Kabla jua halijakolea ilibidi mistari yote iwe imekatwa. Akaenda kwenye bomba, akafungua koki. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza.

"Maji yamekatika tangu alfajiri," Bushiri alisema. Alikuwa na kanzu safi na wasiwasi mwingi. "Mtaa mzima."

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mama Coletha. Samahani, hata salamu nimesahau." Alimwita Xaveria kwa jina la bintiye, kama wengi wanavyomwita. "Sasa tufanyeje? Fundi wangu ameniambia hii isipokatwa asubuhi hii itapasuka."

"Itapasuka kweli."

"Basi kata hivyo hivyo."

"Bila maji siwashi."

Bushiri alicheka kidogo, kama mtu anayefikiri bei ndiyo inaanza. "Barakoa si unayo?"

"Ninayo mimi. Wale wapakiaji wako pale mlangoni wanazo? Yule mama anayewapikia chai anayo?"

"Ni mistari michache, mama yangu. Baba Coletha amenikatia ghala la kwanza, kavu, tena siku moja. Hakuwa na masharti haya."

Xaveria alivua vifuniko vya masikio, akavining'iniza shingoni. Alisikia hasira ikipanda, akaiacha ipande, maana aliona ina haki.

"Na sasa hivi Baba Coletha yuko wapi, mzee Bushiri?"

Bushiri alikuwa amewahi kwenda Nangara kumjulia hali, alijua yuko wapi. Lakini sakafu ilikuwa sakafu yake, na hofu ikamrudisha kwenye ukali. Alisema yuko kijana ana grenda, ile mashine ndogo ya mkono inayokata kavu, atamwita. Alisema ana maghala mengine ya kujenga na hatampa mtu anayemwachia sakafu ipasuke mbele ya macho yake. Xaveria alijua hayo si maneno matupu. Wafanyabiashara wa mbaazi husikilizana, na bila kazi zao mashine ingekaa uani ikiota kutu, na ile nyumba ya Nangara haikuwa na mtu mwingine wa kuitegemea.

"Mwite," alisema. "Akija nitampisha. Ila nitasimama pale mlangoni niwatoe watu wako wote nje, na nitawaambia kwa nini."

Kisha akatoka nje na kumpigia simu mumewe. Maji ya karibu yalikuwa ya ziwani, na yale yana majani na matope, yangeziba vitundu vya mpira kabla mstari wa kwanza haujaisha. Maji safi aliyoyajua yalikuwa sehemu moja tu, kwenye simtanki la nyumbani, na hayo yalikuwa ya miche. Alois aliyakinga kutoka kwenye bati mvua zilipokuwepo, na tangu kiangazi kianze alikuwa akiyagawa kwa kikombe, mche kwa mche, kama mganga anayepima dawa.

Kikohozi chake kilifika kwenye simu kabla yake.

"Baba Coletha, nahitaji maji ya simtanki."

"Yale ni ya miche."

"Najua."

"Mvua haijulikani itakuja lini."

"Najua na hilo. Hamdani anakuja huko na mapipa. Ukikataa atarudi na mapipa matupu, na mimi nitarudi na mashine."

"Si ukate kavu? Mistari michache tu. Mimi nimekata kavu miaka yangu yote na sija..."

Hapo kikohozi kikamshika. Xaveria aliisogeza simu mbali na sikio, lakini hakuizima. Alisubiri. Kilipomwachia, Alois akakata simu.

Hamdani alikuwa ameshawasha guta. "Niende, mama, au nisiende?"

"Nenda."

Baada ya hapo Xaveria alifanya kitu pekee alichokuwa na uwezo nacho, akaiandaa kazi kana kwamba maji yako njiani. Aliangalia mafuta na oili. Alipapasa nati. Alikagua kava, akaizungusha bledi kwa mkono injini ikiwa imezimwa, akitafuta ufa. Alipiga uzi wa chaki kutoka ukuta hadi ukuta, chaki ya bluu juu ya zege la kijivu, na mistari ilitoka minyoofu kwa namna ambayo Alois mwenyewe asingepata la kusema. Bushiri alipita nyuma yake na simu sikioni, akamtafuta mwenye grenda, hakumpata, akamtafuta tena. Jua lilikuwa limeshaingia kwa mlango na kuanza kutambaa sakafuni. Xaveria alilitazama lile jua na kuogopa. Hakuwa na mpango mwingine. Alikuwa na neno lake tu, na alikusudia kubaki nalo hata kama litamponza.

Guta lilisikika kabla halijaonekana, injini yake ikilia kwa uzito. Mapipa yalikuwa yamejaa. Na katikati ya mapipa, amevaa koti zito kwenye joto lile, ameshikilia chuma kwa mikono yote miwili, alikuwa amekaa Alois.

"Amekataa kubaki," Hamdani alisema kwa sauti ya chini. "Ameniambia yale maji hayaendi popote bila yeye."

Alois alishuka kwa taabu, akasimama, akavuta pumzi, akajifanya anaangalia paa. Bushiri alimkimbilia na salamu. Xaveria yeye hakukimbilia salamu. Alitoa barakoa ya akiba mfukoni.

"Vaa."

"Mimi nakaa kwenye koki tu."

"Vaa, au panda guta urudi nyumbani."

Alois aliitazama ile barakoa. Alikuwa hajawahi kuivaa maishani, alikuwa akisema ni ya watu wa hospitali. Akaivaa. Akaketi kando ya pipa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mahali ambapo Xaveria alikuwa akiketi zamani, akaweka mkono juu ya koki.

Hakukuwa na muda wa kulitafakari hilo. Xaveria aliwatoa wote usawa wa bledi, akamwonyesha Hamdani namna ya kuuburuta mpira ubavuni usije ukaingia chini ya gurudumu, akavaa vifuniko vya masikio, akawasha mashine bledi ikiwa juu. "Fungua!" Maji yakaja. Akaishusha bledi taratibu, akaiacha ijizamishe yenyewe, bila kuilazimisha, mpaka ikafika kina alichokitaka. Kisha akaanza kutembea.

Kutembea kule kuna namna yake. Unaiacha mashine ikuvute kidogo, wewe unaizuia kidogo. Huisukumi ubavuni kuirudisha kwenye mstari, maana bledi ikibanwa inapiga teke. Macho hayatoki kwenye bledi. Uji wa kijivu ulitiririka, ukafunika chaki, naye akafuata ile ncha ya chuma inayoonyesha njia mbele ya mashine, akiuamini uzi alioupiga mwenyewe.

Alikuwa katikati ya mstari aliposikia kwa miguu, si kwa masikio, kwamba mtu anakimbia. Bushiri alitokea pembeni ya macho yake. Uji ulikuwa umekimbilia upande wa magunia yake ya mbaazi yaliyopangwa barazani kwenye mlango wa pembeni. Alikuwa amenyoosha mkono kuelekea kwenye pipa, na mdomo wake ulikuwa ukifunguka na kufumba. Xaveria hakusikia neno hata moja ndani ya vile vifuniko. Lakini maneno yale aliyajua yalivyo mdomoni. Alikuwa ameyasoma kwenye mdomo wa mtu mwingine miaka mingi.

Kata maji. Kata maji.

Na aliyekaa kwenye koki alikuwa ndiye mwenye maneno yale. Xaveria angeweza kuinua bledi na kugeuka. Hakugeuka. Alisogeza kidole gumba karibu na swichi nyekundu ya kuzimia, akaendelea kuangalia pale bledi inapoingia kwenye zege, akitafuta unga. Vumbi jeupe likianza tu kuinuka, alijiambia, nazima, na hii sakafu ipasuke mpaka ikutane na barabara ya lami. Alipiga hatua moja, akaangalia. Uji. Akapiga nyingine. Uji. Kisha akaona maji yakiongezeka. Hayakupungua, yaliongezeka, na uji ukawa mwepesi, ukakimbia mbali na bledi, na mstari ukaonekana chini yake mweusi na safi.

Alifika ukutani. Aliinua bledi, akazima, akasubiri mpaka iliposimama kabisa. Ndipo akavua vifuniko na kugeuka.

Alois alikuwa ameinama juu ya koki, ameifunika kwa mikono yote miwili kama mtu anayezuia kuku asiibiwe. Bushiri alikuwa amesimama juu yake, kanzu ina madoa ya kijivu.

"Nimemwambia akate maji!" Bushiri alilalamika. "Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Ananitazama tu! Mzee, umekuwa kiziwi?"

"Nimesikia," Alois alisema ndani ya barakoa. Alipumzika, kisha akaendelea. "Hapa neno kata ni la bledi. Maji yanafungwa. Wewe hujasema funga."

Hamdani aliangua kicheko, akakimezea njiani. Bushiri alimtazama Alois, akamtazama Xaveria, akaona amezungukwa na watu wa nyumba moja. Akaita wapakiaji wake, akainua na yeye gunia lake la kwanza.

Xaveria alimsogelea mume wake, akachuchumaa mbele yake. Miwani ilikuwa imejaa matone, akaivua, na hata hivyo hakuona vizuri.

"Simtanki limebaki na nini?"

"Tope la chini."

"Na miche?"

"Miche nitaotesha mingine." Alois aliweka kiganja kifuani, juu ya lile koti zito. "Hiki ndicho nisichoweza kuotesha." Akavuta pumzi ya kutosha sentensi moja. "Ni vumbi, Mama Coletha. Daktari alisema kweli."

Xaveria alikuwa ameisubiri sentensi hiyo kwa muda mrefu, na ilipokuja haikumpa furaha yoyote. Alishika goti la mume wake.

"Koki nilikuwa nafunga mimi."

"Mimi ndiye niliyekuwa nakwambia ufunge," Alois alisema. "Inuka. Jua linapanda na mistari haijaisha."

Xaveria aliinuka. Alifuta miwani kwa ncha ya kitambaa, akarudisha barakoa, akavaa vifuniko, akaisogeza mashine hadi kwenye chaki iliyofuata. Aliangalia mbele, hakuna mtu. Akaangalia nyuma, hakuna mtu. Ubavuni, kando ya pipa, mumewe alikuwa ameketi na macho yakimtazama yeye tu, akingoja neno.

"Fungua!" alisema Xaveria, na Alois akafungua maji mpaka mwisho wa koki.